Karatasi Yenye Mikunjo Miwili

Mjomba,

Nina hasira nawe. Nilidhani itaisha na matanga. Wapi!

Saa uliyokuwa ukiitengeneza ulituachia mezani hapa mtaani Kator, uso wake wa fedha ukiwa bado hauna tundu la mshale wa sekunde. Watu wenye uwezo wa kuagiza saa Ulaya walikusubiri mwaka mzima kwa ajili ya tundu hilo, jinsi lilivyokaa mahali pake na jicho likatulia. Na kipimo chake ulikiweka wapi? Kwenye kipande cha karatasi chenye mikunjo miwili! Siku ya msiba Mama alisafisha meza, akakiwashia mkaa wa chai ya waombolezaji. Simlaumu dada yako. Nakulaumu wewe.

Nilikuomba nikinakili. Ukasema, "Wewe iko na macho. Karatasi ya nini?" Ya siku kama hii, Mjomba!

Saa zako nyingine zote zilikwenda na wanunuzi; ile yako ya mkononi, ya pekee ambayo ningeweza kuipima, umezikwa nayo. Mimi ndiye niliyekufunga mkanda. Hata ufunguo niliitia, mjinga mimi, isije ikasimama njiani. Kipimo nilikikumbuka siku ya tatu.

Mama akasema, "Khalas, uza meza. Kazi yake hakuna mtu anajua."

Hesabu naijua: urefu wa uso wa saa ugawanywe, kipande kidogo kwa kikubwa kiwe sawa na kikubwa kwa urefu wote. Jumamosi nilikokotoa, nikatia alama. Ilikuwa sahihi na ilikuwa mbaya. Ndipo nikaona tena akilini ukucha wako. Ulikuwa unakunja karatasi kwa hesabu, kisha unakunja tena, chini kidogo tu. Mkunjo wa kwanza wa hesabu, wa pili wa jicho. Miaka sita nimekaa ubavuni pako, hukunieleza. Nililia kwa uchungu na kwa hasira.

Jana nilitoboa. Fedha ni hiyo moja tu. Nilishuka unywele mmoja chini ya hesabu. Mama alichungulia, akasema, "Hii ni yake." Nilitaka kumpigia kelele kwamba ni yangu.

Ndani ya mfuniko wa nyuma nimechora mistari miwili, wa hesabu na wa jicho. Nakuahidi nitaichora katika kila saa nitakayotengeneza, ili atakayenizika asinikasirikie hivi.

Lala salama, Mjomba. Yako huko chini imeshasimama. Hii inatembea.