Mbege Juu ya Bendera

Jumapili, 1 Desemba

Aikande ndiye atakayepandisha bendera! Jumatatu ya wiki ijayo, Sikukuu ya Uhuru, uwanjani Moshi mjini, mbele ya wakubwa wote. Wamepangwa skauti wa shule zote, kachaguliwa wangu. Mwalimu wao wa skauti, Fabian, kasema mkono wake hautetemeki. Na ni nani aliyemfundisha huo mkono kukamua ng'ombe?

Kanisani nilijizuia mpaka sala ya mwisho. Nje nikawaambia wote. Jirani yangu Mama Priska akauliza kama atapandisha peke yake au wako kundi. Peke yake, nikamwambia, na wewe uje ule ndizi. Nimempigia kaka Filemon kule Tarakea, anakuja na familia nzima. Aikande kanuna. Mama, si ungengoja. Ningoje nini?

Jumanne, 3 Desemba

Nimechemsha ndizi za mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, pipa zima. Ikishaanza kuchacha hairudi nyuma, lazima inywewe. Baba Aikande yuko mlimani na wageni, anashuka Jumapili. Hajui chochote. Nitamwambia akiwa bado getini na mzigo mgongoni.

Alhamisi, 5 Desemba

Aikande kaja na bendera yenyewe. Mpya, bado inanukia duka. Mwalimu kampa aipige pasi. Kaiweka kabatini, kasema isiguswe, kaenda kukata majani ya ng'ombe.

Nikaichukua.

Sisi hapa jambo kubwa halitoki nyumbani bila mzee kulibariki. Nikapanda nayo hadi kwa babu yake, mzee Ndelilio. Shikamoo baba, mjukuu wako ndiye anaenda kushika hii. Mzee alifurahi mpaka machozi. Alikuwa na kibuyu chake cha mbege. Nilidhani atanipulizia mimi viganjani, nimpelekee mtoto baraka. Akapiga funda, akaipulizia bendera. Pfuu. Huku anaomba kwa Kichagga ipae juu kama moshi wa nyumba yenye watu.

Madoa ya ulezi, kahawia, kwenye mstari wa njano. Nimeteremka mbio kama binti. Sabuni haikutoa. Nikatia dawa ya kung'arishia mashuka. Doa limetoka — na rangi ya kijani ya pembeni imetoka nalo. Kiraka cheupe, kama kiganja.

Aikande kaiona. Kaikunja.

Ijumaa, 6 Desemba

Kaenda nayo shuleni peke yake. Nilisema nitamsindikiza, halafu nikasema ngoja nimalize kukamua.

Karudi. Nafasi kapewa msichana wa shule nyingine. Yeye atasimama mstari wa nyuma. Nikauliza umemwambia mwalimu ni nani aliyeiharibu? Kasema ni yeye, aliifua vibaya. Skauti! Mtoto aliyeapa kusema kweli.

Nikamwuliza kwa nini hukunitaja. Kasema: ungeaibika mama, na watu umeshawaalika.

Nikachukua ndoo, nikarudi kwa ng'ombe.

Jumamosi, 7 Desemba

Asubuhi nimekata jani la isale mpakani mwa shamba. Kwetu ukimkosea mtu unampelekea isale, naye hana namna ya kukukatalia msamaha. Nilikuwa naenda kwa Mwalimu Fabian nimweleze ni mimi, wamrudishie mtoto nafasi yake. Nimevaa, nimefika njia panda. Mama Priska huyo. Eti, umependeza, unaenda kuwekewa kiti cha mbele? Nikacheka. Nikamjibu ndiyo, cha mbele kabisa. Halafu nikageuka nikarudi nyumbani, jani ndani ya kanga.

Mdomo huu. Kwa kujisifu una mbio, kwa neno moja la kweli umepooza.

Aikande anapiga pasi gwanda lake. Kola, mifuko, skafu, kila kitu. Kwa mstari wa nyuma. Nimekaa namtazama, najiuliza hili jani ni la mwalimu au ni la huyu.

Filemon kapiga simu. Wamekodi gari, Noah. Anauliza asimame upande gani apate picha nzuri mtoto akivuta kamba. Aikande akaacha pasi, akanitazama. Nilifungua mdomo niseme. Nikasema simama karibu na mlingoti, kaka.

Pasi ikaendelea.

Kesho natia ulezi kwenye pipa. Kesho baba yake anashuka. Isale iko mezani hapa, imeanza kulegea, na mwalimu kwake si mbali, hata sasa ningefika kabla ya jua kuzama. Wanakuja wote Jumatatu.