Hori Lililovuka Uzio wa Hilja

Savo, 24 Februari 1971

Mwanangu Raili,

Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Uswidi, na kwamba kikohozi cha Reino kimemwacha. Huku baridi imefika nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri, ila kuni zipo. Ng'ombe atazaa mwezi ujao. Kahawa uliyotuma imefika. Jirani yangu Hilja nampa kikombe kimoja tu, maana akipata cha pili anaanza habari za wakwe zake.

Jana ilikuwa Jumanne ya mwisho kabla ya Kwaresima. Tulikula supu ya njegere na miguu ya nguruwe, watoto wakateremka mlimani kwa kuteleza juu ya theluji kama kawaida. Marjut aliteleza, na mguu wake wa kushoto una ufa mdogo. Daktari amemfunga plasta. Anakula vizuri. Nitumie sindano za cherehani, zile nene.

Mama yako

*

Västerås, 4 Machi 1971

Mama mpenzi,

Pokea salamu zetu. Sisi wazima, Reino hakohoi tena. Barua yako nimeisoma mara tatu. Ng'ombe amepata mstari, sindano zimepata mstari, na mguu wa binti yangu nao umepata mstari! Nimemsomea Reino, akasema, "Mama mkwe akiandika kwa ufupi hivyo, ujue kuna jambo."

Mama, tulikuachia mtoto kwa sababu tulikuwa tunalala kwenye chumba kimoja na watu wengine wanne. Sasa tumepata nyumba ya vyumba viwili. Tulipatana kumchukua Agosti, lakini naona afadhali nije Pasaka. Nijibu mambo mawili tu: aliteremka juu ya chombo gani, na alikuwa na nani?

Mwanao Raili

*

Savo, 12 Machi 1971

Mwanangu Raili,

Mungu ashukuriwe kwa kifua cha Reino. Ng'ombe amezaa ndama jike mweupe. Sindano sijazipata.

Aliteremka juu ya hori langu la kukandia unga wa mkate. Alikuwa na mtu mzima wa kuaminika.

Desturi unaijua: siku ile anayeteremka mbali kuliko wote, kitani chake shambani ndicho kitakachorefuka kiangazi. Kila mwaka Hilja huwapanga wajukuu zake juu ya kile kigari chao chekundu cha plastiki cha kutelezea, halafu husimama kileleni, mikono kiunoni, akipiga kelele, "Kitani kirefu!" Kitani chenyewe hajakipanda tangu vita viishe. Plastiki, Raili! Kule kwetu Karelia, kabla vita havijatuhamisha, wanawake waliteremka juu ya vyombo vya kazi zao.

Marjut ataka kuongeza neno. Nimemwachia nafasi, nami naenda kukamua.

Mama yako

Mama, tulimshinda Hilja. Bibi naye anaumwa mbavu lakini amesema nisikuandikie. Marjut.

*

Västerås, 19 Machi 1971

Mama,

Sitauliza hali. Hali yako nimeipata kwa Hilja, kurasa sita! Nakunukulia: "Walipita kwangu kama posta ya haraka, mtoto mbele, mama yako nyuma, kitambaa cha kichwa kimemfunika macho. Wakaruka uzio wangu mahali theluji ilipoufukia, wakagota kwenye kuni za bafu langu la mvuke. Namkimbilia nikidhani amekufa, ananiambia, 'Hilja, usisimame hapo, pima!'"

Pima! Mtoto amelala mguu umevunjika, na wewe wasema pima! Una miaka sitini na sita, Mama. Mbavu zako alizitazama nani? Reino alicheka mpaka akaanza kukohoa upya. Mimi sikucheka.

Tiketi ya meli nimeshakata. Nafika Alhamisi Kuu. Mfungie Marjut vitu vyake.

Raili

*

Savo, 27 Machi 1971

Mwanangu,

Natumaini huna homa, maana barua yako ilikuwa ya moto.

Sitabishana. Nimehamishwa mara mbili katika maisha yangu, kufunga mizigo najua. Soksi zake jozi tano ziko tayari, na sweta ya kijivu. Mbavu zilizovunjika ni mbili. Alizitazama daktari yuleyule, akaniuliza kama niligongwa na farasi. Nikasema ndiyo.

Nitakueleza tu ilivyokuwa, kwa sababu nilipaswa kueleza Februari. Pale mlimani mjukuu wa Hilja alimwambia Marjut, "Bibi yako hana haki ya kupiga kelele za kitani hapa. Nyinyi ni watu wa kuhamia, hamna mlima." Marjut alikuja nyumbani akaniuliza, "Bibi, kweli hatukuwahi kuwa na mlima?"

Tulikuwa nao, Raili. Ulianzia nyuma ya ghala letu ukaishia ziwani, na mwaloni mmoja kushoto wa kuukwepa. Upo mpaka leo, ng'ambo ya mpaka uliosogezwa na vita, na nina hakika hakuna anayeuteremka sawasawa. Ningeweza kumweleza mtoto hayo kwa maneno. Badala yake nilitungua hori ukutani.

Katika hori hilohilo, Desemba ya mwaka thelathini na tisa, nilikuvuta juu ya theluji siku tatu tukikimbia vita, umeviringishwa ngozi ya kondoo. Ulikuwa na miezi minne. Hukulia. Nadhani ndipo nilipoanza kuliamini kuliko inavyofaa kuamini ubao.

Hilja anasema mteremko unaishia pale abiria walipoangukia. Mimi nasema unaishia pale chombo kiliposimama, na hori lilikwenda peke yake juu ya barafu hadi katikati ya ziwa la huku. Hatujasalimiana mwezi mzima. Lakini mguu wa mtoto ni kosa langu, si la hori wala la Hilja. Njoo umchukue. Plasta inatolewa Jumanne kabla hujafika.

Mama yako

*

Västerås, 16 Aprili 1971

Mama mpenzi,

Nimefika salama, kwa kadiri unavyojua. Naandika nimesimama, karatasi juu ya friji. Reino alinipokea bandarini akatazama nyuma yangu. "Ulikwenda kumchukua mtoto. Yuko wapi?" Nikamwambia anabaki hadi Agosti kama tulivyopatana. "Na mbona unatembea kama bata?"

Nikamwambia nilianguka kwenye ngazi. Naona uongo huu ni wa ukoo.

Nilikuja na hasira zangu zote, Mama, nikazibeba mpaka Jumapili. Halafu Marjut akanitazama akasema, "Mama, wewe hori limeshakuzoea." Nikapanda kileleni nikakaa ndani yake, na theluji ilikuwa ngumu kama kioo! Hilja alipima kwa hatua zake mwenyewe, na safari hii chombo na abiria tulisimama pamoja, kwa hiyo hana la kusema. Daktari wa huku anasema kifandugu kitapona kwa wiki sita. Mbavu zako je?

Mwanao Raili

*

Savo, 9 Agosti 1971

Mwanangu Raili,

Natumaini sasa unaweza kukaa kitini. Mbavu zimetulia, hunikumbusha tu mvua ikikaribia.

Mwezi wa Mei mimi na Marjut tulipanda kitani, ukanda mwembamba kando ya viazi. Juzi tumepima. Kimemfika kidevuni, naye amerefuka. Hilja alikuja kuangalia, akazunguka shamba mara mbili. "Ni mbolea," akasema. Nikampa kikombe cha pili cha kahawa, nikazisikiliza habari za wakwe zake hadi mwisho.

Reino amefika jana kumchukua mtoto. Wanaondoka Alhamisi. Soksi sasa ni jozi nane. Hori nalo linakuja. Mhunzi ametia pete mbili za chuma pale lilipopasuka. Usilioshe kamwe: chachu ya mama yangu imo katika mbao, maji tu yataiua. Mimi nitakanda katika beseni alilonipa Hilja. Ni la plastiki. Ni jekundu.

Marjut hajalia. Hata wewe hukulia.

Nijibu jambo moja tu, na usilijibu kwa ufupi: huko kwenu mlima upo?

Mama yako