Bukari ya Siku ya Kurudia

Mujukuu wangu Clarisse,

Jambo sana. Huku Lubumbashi tuko bazima, na mama yako anakusalimia. Unaniuliza namna gani, kisha kuacha miaka mbili, utarudia kukimbia mbio bila kusikia haya.

Miye, wakati wa ujana, niliacha boxe, muchezo wa ngumi, mwaka muzima juu ya ugonjwa, tuache ile. Siku ya kurudia, mama alinijazia sahani ya bukari, ugali wetu, ati nguvu ikuje. Nikamaliza yote. Kisha kuzunguka terrain ya mazoezi mara mbili tu, nikatapika mbele ya benzangu. Balicheka! Entraîneur mwenye kutufundisha akaniambia: «Rudia kwenu.»

Kesho yake nilifika wa kwanza, nikasimama pale pale nilitapika. Akashangaa: «Weye, hauna haya?»

«Haya niliitapika jana.»

Vaa viatu, Clarisse. Bacheke.

Kambo yako