Moja juu ya Arobaini

Goma, Katoyi, tarehe 9 Agosti 2022

Yaya Mukashyaka, dada yangu mkubwa mpenzi,

Nakusalimu kwa moyo wote, wewe, shemeji na watoto. Mnaamkaje huko Kalengera? Tunasikia masasi ya vita yanakaribia barabara, na kila dereva anayetoka Rutshuru namuuliza habari zenu. Mimi ni mzima. Henri naye mzima, na mzuri kama siku ya arusi! Miezi mitano ya ndoa, Yaya, na bado nikisikia sauti yake uani moyo unaruka. Tena nina mimba ya wiki kumi na tatu. Furahi nami!

Sasa nisikilize, maana nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Wiki iliyopita Daktari Namegabe alinipima kwa ekografi, ile mashine ya picha za tumbo, akaangalia shingo ya mtoto kwa nyuma, kisha akachukua damu, ili kujua kama kuna hatari ya mtoto kuzaliwa na hali ya Down, ile ya akili kukua polepole. Karatasi ilirudi imeandikwa moja juu ya arobaini. Alinieleza kwamba hiyo si hukumu: wamama arobaini wakipata karatasi kama hiyo, mmoja tu ndiye huzaa mtoto wa namna hiyo.

Henri, kwa wema wake, akamwonyesha mama yake. Yaya! Mama Ernestine aliona ile arobaini, akatangaza kwa mashangazi wote kwamba mtoto ameharibika kwa asilimia arobaini. Akauliza ni nani kwetu alizaliwa vile. Akasema moshi wa volkano uliniozesha tumbo. Kisha akataja mahari: "Siye tulitoa ngombe bazima, na bao batupe mutoto muzima!" Siku ya pili akaleta chupa ya dawa chungu ya kutoa mimba, ninywe kabla haijaonekana. Henri aliimwaga chini mbele yake, akamwambia huyu ni mtoto wake, awe wa namna yoyote. Nilimpenda upya!

Lakini Yaya, unisamehe. Kadi yangu ya uchaguzi, kitambulisho changu pekee, iliungua na nyumba mwaka jana, lava iliposhuka, na tangu hapo natembea na yako uliyoniachia. Hata kwa daktari nilitoa hiyo. Wakaandika jina lako na miaka yako arobaini na mbili. Sikujua kwamba umri wa mama unaingia katika hesabu. Juzi nilirudi, nikasema ukweli. Daktari alinikaripia sana, akahesabu upya kwa miaka yangu ishirini na tatu: moja juu ya mia nane.

Henri alicheka, akalia, akataka kukimbia kwa mama yake. Nilimkataza. Akiona karatasi mpya atakuja na vitenge na vigelegele, nami nitajua anaishangilia karatasi. Hata katika mia nane yupo mmoja, na huyo mmoja naye ana bibi. Akitaka mjukuu, aje bila kujua.

Msalimie shemeji, wabusu watoto. Mambo yakizidi huko, teremkeni kwetu. Henri anasema hatutakosa pa kulala.

Mdogo wako akupendaye,
Munezero