Lu ya Seini

Lupe, shoga, upo? Nimetoka kwa Seini sasa hivi, roho inaniuma sijui nikwambieje.

Si unamjua mwanangu Semisi, anayetema hata jani la kitunguu? Baada ya kanisa nikamfuata pale kwa jirani, nikamkuta anakula lu. LU! Majani ya magimbi, samaki ndani, tui linamchuruzika hadi kiwikoni. Na hilo furushi la tatu!

Seini na kitabasamu chake: "Mwache ale, dada. Kwangu huwa anakula vizuri."

HUWA! Kumbe ni kila Jumapili!

Nikamuuliza mwanangu, mbona nyumbani hutaki majani? Akajibu mdomo umejaa: "Mama, hujawahi kunipikia. Unanipa tambi za pakiti."

Mbele ya Seini, Lupe. Mbele yake!

Nikajichekesha. Nikamuuliza Seini, majani laini hivi umeyapata wapi?

"Si ya shambani kwako, dada? Jana uliniambia nichume yote, eti kwako hakuna mtoto wa kula majani."