Ng'ombe Nane Bila Punguzo

Baba Kokugonza, mpendwa wangu,

Binti yetu ameposwa. Kijana ni wa Kaisho, mtoto wa wafugaji, anasali, na Kokugonza mwenyewe anamtaka. Jana wazee wao walikuja kuuliza mahari. Sisi wa nyumbani tulikuwa tumekubaliana ng'ombe nane, kama baba yangu alivyokutajia wewe. Kabla hawajaambiwa, mdogo wako akanifuata jikoni.

"Shemeji, mtoto hana baba," akasema. "Tuwapunguzie robo, wasije wakakimbia. Heri kenda shika kuliko kumi nenda uje."

Aliposema robo, nilikuona umesimama darasani na sleti mkononi.

Tulikuwa darasa la nne. Mwalimu aliandika ubaoni: kitambaa kinauzwa shilingi nane, mwenye duka amepunguza robo ya bei, mnunuzi atalipa shilingi ngapi? Sote tuliandika sita. Wewe uliandika, "Asinunue." Mwalimu akakuuliza kwa nini.

"Mwalimu, kwetu mtu akikupunguzia bei ya ng'ombe kabla hujamwomba, ujue ng'ombe ana kilema," ukajibu. "Kitambaa hicho kimeliwa na panya."

Darasa zima tulicheka, na mwalimu akacheka, kisha akakupa sifuri. Ulikaa bila kununa.

Kwenye maumbo ulikuwa mbishi zaidi. Tulipewa zizi la mraba, kila upande hatua kumi na moja, tutafute mzingo na eneo. Ulipata vyote, arobaini na nne na mia moja ishirini na moja, lakini chini yake ukaongeza kwamba zizi halina kona. Ng'ombe wenu wa pembe ndefu, ulisema, mnyonge akibanwa konani hana pa kukimbilia. Mwalimu hakukuchapa. Alitutoa nje na kamba ya hatua arobaini na nne, tukaitandaza chini kwa mraba, halafu kwa duara. Tukapima kutoka katikati hadi kwenye kamba, tukapata saba. Tulipokokotoa eneo la duara lilikuwa mia moja hamsini na nne, na kamba ni ileile. Wenzetu walimtazama mwalimu. Wewe ulinitazama mimi, na nisikufiche, hapo ndipo nilipoanza kukupenda.

Miaka ikapita, ukaja kuposa. Baba alitaka nane na wewe ulikuwa na sita. Mzee alikuwa amekupenda, akasema mwenyewe, "Nakupunguzia robo, kijana. Sita wanatosha." Nilikuwa nyuma ya kiambaza, namshukuru Mungu. Kisha nikakusikia.

"Hapana, mzee. Binti yako hana kilema."

Ukaenda kumchungia tajiri mmoja kule Kiruruma ili akulipe mitamba miwili. Nikakungoja hadi wa rika langu wote wakawa na watoto mgongoni. Nilikasirika, Baba Kokugonza. Nilikuita mjinga mbele ya dada zako, na nilimaanisha. Mimi nilitaka mume, wewe ulikuwa bado unabishana na ubao. Hata siku ya harusi nilikuwa na kinyongo kidogo, ndiyo maana sikula.

Kinyongo kiliisha nilipokaa kwenu bila mtoto na watu wakaanza kunong'ona. Mama yako alikuwa anamenya ndizi. Hakuinua hata kichwa. "Huyu ng'ombe wake walitimia," akasema. "Mwacheni." Wakaniacha. Nilitoka nje nikalia, nikarudi kumenya naye.

Haya yote yalinipitia akilini jana huku mdogo wako akisubiri, kofia mkononi. Hana nia mbaya, unamjua. Anamwonea huruma mtoto wa kaka yake. Kokugonza alikuwa kwenye mafiga anachochea moto, amejifanya hasikii.

Nikamuuliza shemeji, "Ana kilema gani?"

Nafikiri alikukumbuka. Akavaa kofia yake, akarudi kwa wageni, nasi tukasogea kiambazani, mimi na binti yako tumeshikana mikono.

"Ni nane," tukamsikia akisema.

Nikaanza kujuta. Kokugonza alinibana vidole hadi vikauma. Halafu mzee wa Kaisho akakohoa, akauliza tu kama zizi letu litawatosha wote nane.

Zizi lako halijaingia ng'ombe tangu tulipokuzika, na ua wake umelala upande wa bondeni. Kesho tunalijenga upya. Mdogo wako alipendekeza tulifanye la pembe nne, eti ni rahisi. Kokugonza akamwambia zizi halina kona. Sikumfundisha mimi.

Basi pumzika. Hakuna kilichopunguzwa. Kilichopungua hapa nyumbani ni wewe tu.

Mimi mkeo,
Mama Kokugonza