Sindano ya Mguuni na Safari ya Kwenda kwa Mama

Jumapili, Iringa. Upepo wa Julai unapenya mpaka kwenye mifupa, na jua lipo lakini halisaidii kitu. Nimekaa kwenye ngazi ya jikoni kwa mama, nimevaa sweta lake. Bado linanukia moshi na mafuta ya nazi.

Tumemzika jana.

Ninaandika kwa simu, na leo sitazunguka. Mnaosoma ukurasa huu mnanijua kwa vitenge na mapishi. Hamjui kwamba tangu nilipomzaa Bupe, mwanangu wa pekee, siwezi kuzuia haja kubwa. Nilichanika vibaya wakati wa kujifungua, nikashonwa, nikarudi nyumbani Iyunga, Mbeya, na mtoto mzuri na mwili ambao haukunisikiliza tena. Bupe sasa yuko sekondari.

Sokoni Mwanjelwa watu wananionea huruma kwa kupata kizimba kilichopakana na choo. Mteja anapapasa kitenge huku ameziba pua. Hawajui kwamba niliomba mwenyewe nipewe hicho.

Ndivyo nilivyoishi. Nikifika mahali, natafuta choo kabla ya kutafuta kiti. Kanisani nakaa benchi la nyuma kabisa. Harusini sili. Mume wangu, Ambwene, anajua na hajawahi kuninyanyapaa, ila hata sisi wawili tulizoea kutolizungumza.

Safari ya Iringa ndiyo iliyonishinda. Mara ya mwisho Bupe alikuwa bado mdogo, na yaliyonipata ndani ya basi kabla ya kufika Mafinga sitayaandika. Abiria walifungua madirisha. Tangu siku ile sikupanda tena.

Mama alikuwa akinipigia Jumapili baada ya misa, akinisalimu kwa Kihehe.

"Kamwene, mwanangu. Unakuja lini?"

Nasema soko limebana, mama. Mtoto ana mitihani, mama. Namwambia, basi njoo wewe. Anasema, magoti yananisumbua, na hawa kuku nitamwachia nani? Tukawa tunaulizana hivyo, mwaka unaisha, mwingine unaingia. Kuna siku nilikata simu nikalia. Nilidhani hanitaki kwa sababu nimeolewa mbali.

Mwaka huu ndipo nilipopata matibabu. Nesi mmoja, mteja wangu, alikuwa ameona ninavyokimbia kila mara. Akaniuliza taratibu, bila kunitazama usoni, akijifanya anachagua kitambaa. Nikamweleza. Yeye ndiye aliyenipeleka kwa Neema, mtaalamu wa fiziotherapia.

Neema alinieleza kwamba kuna mshipa wa fahamu unaopita karibu na kifundo cha mguu na kupanda mpaka chini ya mgongo, palepale panapoongoza haja kubwa. Wanachoma sindano nyembamba juu kidogo ya kifundo, wanaiunganisha na kimashine cha betri, na umeme mdogo unapita. Kidole gumba kinacheza chenyewe. Unakaa kama nusu saa, unakwenda nyumbani, unarudi wiki inayofuata. Aliniambia na upande wa pili pia: wapo inaowasaidia, wapo isiowasaidia, na haiwezi kushona kilichochanika.

Siku ya kwanza nilicheka. Ugonjwa uko huku nyuma, sindano iko mguuni.

Wiki za mwanzo sikuona tofauti yoyote, nikataka kuacha. Kisha asubuhi moja, nikipanga vitenge, nikahisi haja inakuja. Nikaihisi kabla haijafika. Nikamaliza kukunja kitambaa nilichoshika, nikamwomba jirani aniangalizie biashara, nikaenda.

Nilikwenda nikitembea.

Sijapona. Siku nyingine bado naaibika. Lakini sasa mwili unanipa taarifa, na kwa mtu kama mimi hiyo ni dunia nzima. Jioni ile nilimwambia Ambwene nataka kwenda kwa mama. Akasema, "Malizia kwanza sindano zako, tuende wote mwezi wa nane." Nikaona ni sawa.

Alhamisi kaka Gasto akapiga simu. Mama ameanguka jikoni. Hakuamka.

Ijumaa alfajiri tukapanda basi, mimi na Ambwene. Sikula tangu jana yake. Nilivaa pempasi ya watu wazima na sketi nyeusi, na kwenye mkoba niliweka kanga na mifuko ya plastiki. Tulipopita Makambako nikahisi. Nikabana, nikaushika mkono wa Ambwene, naye akaniangalia akaelewa. Nikabana mpaka konda alipotangaza tushuke kuchimba dawa. Nikaingia kwenye majani makavu pamoja na wanawake wengine, nikainuka nikiwa msafi.

Nilikuwa natabasamu. Na jambo la kwanza lililonijia kichwani ni kumpigia mama, nimwambie niko njiani, nimeweza.

Nilisimama pale mpaka dereva akapiga honi.

Jana, watu walipotawanyika kutoka makaburini, mama mdogo Veronika aliniita chumbani kwa mama. Yeye ndiye mdogo wake wa mwisho, na ndiye aliyekuwa akiishi naye. Alitaka tukunje nguo kabla ndugu hawajaanza kugawana. Chini ya kitanda kulikuwa na beseni lenye kifuniko. Nikalifunua. Vipande vya kanga kuukuu, vimekatwa, vimefuliwa, vimepigwa pasi, vimekunjwa mara mbili mbili.

Sikuhitaji kuuliza ni vya nini. Nyumbani kwangu ninavyo vya namna hiyo hiyo.

Mama mdogo alininyang'anya lile beseni, kisha akaona limekwisha kuonekana. Akakaa kitandani.

"Tangu amzae Gasto," alisema. "Alikuwa hawezi kujizuia. Ndiyo maana hakuja Mbeya. Alisema, nitakwenda kumwaibisha mwanangu kwa wakwe zake."

"Na magoti?"

"Magoti yake yalikuwa mazima."

Nikamwambia, "Mama mdogo, na mimi niko hivyo hivyo. Tangu Bupe."

Nje kulikuwa na watu wanaimba nyimbo za kanisani.

"Kwa hiyo mlikuwa wawili," alisema.

Sikulia makaburini. Nililia hapo, juu ya kitanda cha mama. Nilimweleza yote, mguu, kimashine, kidole kinachocheza. Nikasema mama angeweza kukaa kiti cha pili, kando yangu kliniki, Neema angemchoma yeye kwanza kwa heshima ya umri, na angecheka kama nilivyocheka mimi. Pengine isingemsaidia. Lakini angejua hayuko peke yake, na mimi ningejua alikuwa ananitaka.

Miaka yote hiyo tulikuwa tunasubiriana, kila mmoja anamficha mwenzake kitu kile kile.

Leo asubuhi tulikuwa tunasugua masufuria ya msibani, mimi na mama mdogo. Halafu akauliza, bila kuinua macho:

"Hiyo sindano inauma?"

"Kidogo. Kama siafu akikung'ata mara moja."

Akaendelea kusugua sufuria ambalo lilikwisha kung'aa.

"Na wanamtibu mtu mzima kama mimi?"

Mkono wangu ulisimama ndani ya maji. Nikasema wanamtibu. Nikamwambia tukimaliza matanga narudi Mbeya, nina miadi kwa Neema, na nyumba yetu ina kitanda cha ziada. Akasema atafikiria. Baadaye nikamsikia akimuuliza Gasto kama anaweza kuwaangalia kuku kwa muda.

Sijamuuliza chochote. Tukipanda basi nitaomba viti vya mbele, karibu na mlango, na kanga nitabeba za watu wawili. Sijui kama atanisimulia ya kwake njiani au atatazama dirishani mpaka Mbeya. Je, nianze mimi kumuuliza?

Nadhani nianze mimi.